Juma Lenye Tano Mbili

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu pasipoti yangu inakaribia kwisha muda na nitahitaji nyingine. Wenyeji wake ni watu wema. Wanalipa kodi, wanapigia makofi hotuba, na wanapenda muziki kuliko wali. Mgeni akifika huko, kitakachomshangaza kwanza ni kwamba nyimbo zote zinazopigwa redioni, harusini na vilabuni zinahusu siku za juma.

Usidhani ni upungufu wa akili. Nchi ile ina Bodi ya Ukaguzi wa Nyimbo, yenye wajumbe kumi na wanne na mihuri kumi na mitano. Bodi ilianza kwa kukataza nyimbo zinazotaja viongozi, jambo ambalo kila mtu alilielewa. Baadaye ikakataza zinazotaja bei, kisha zinazotaja sukari, kwa kuwa anayetaja sukari amekwisha kutaja bei moyoni. Mvua ilikatazwa mwaka ambao haikunyesha. Mapenzi yaliruhusiwa, ila yasiwe ya kuachwa, kwa sababu mtu aliyeachwa hulalamika, na kulalamika ni siasa. Watunzi wakabaki wanatazama ukuta, na ukutani palikuwa na kalenda.

Ndivyo zilivyozaliwa "Jumatatu Umeniponza", "Jumapili ya Kanga Mbili", "Ijumaa Usinihukumu", na ule wa "Jumanne Mtoto wa Mama Mkwe", ambao hadi leo harusi haiishi bila kupigwa. Bodi iliikagua kalenda mbele na nyuma, ikaona haina neno, ikaigonga muhuri.

Katika bendi zote iliyowika ni Juma Zima Jazz, na katika Juma Zima Jazz aliyewika ni Mwanahamisi, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo mtu akiisikia ana tonge mdomoni husahau kutafuna. Alizaliwa siku ya Alhamisi, na wazazi wake hawakujisumbua kulitafuta jina mbali. Kiongozi wa bendi alikuwa Sudi Magoma, mpiga gita la ridhimu, mcheshi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mpiga tarumbeta alikuwa Makame, mume wa Mwanahamisi, mkimya kiasi kwamba watu walisema maneno yake yote anayapitisha kwenye shaba. Makame na Sudi walikula sahani moja tangu ujana, na kwa hiyo Sudi na Mwanahamisi waliitana shemeji.

*

Siku ya Sikukuu ya Taifa, Mtukufu Mkuu wa Nchi na Majira Yake alikuwa akihutubia uwanjani. Alipofika katikati akauliza, "Je, yupo hapa mtu asiye na furaha?" Kisha akanyamaza, ili taifa limjibu kwa kimya kama ilivyo ada.

Wakati huohuo Makame alikuwa anapuliza mate yatoke kwenye tarumbeta yake, kazi ambayo kila mpiga tarumbeta anaijua. Ikamponyoka sauti moja. Haikuwa ndefu, lakini ilitosha.

Alichukuliwa kwa maswali mawili matatu. Hati ya mashtaka ilisema amemjibu Mtukufu kwa chombo cha shaba. Alipokuwa anapandishwa garini alimgeukia mkewe akasema, "Mwana, kuleni, msinisubiri." Hakupata nafasi ya kusema zaidi.

Gereza lilikuwa na utaratibu mzuri sana. Wageni waliruhusiwa siku moja tu kwa juma, Alhamisi, saa mbili asubuhi, dirisha namba tatu. Alhamisi ya kwanza Mwanahamisi alifika na kikapu cha mikate ya kumimina. Afisa wa dirisha, bwana mmoja mwenye adabu nyingi na kalamu mbili mfukoni, alifungua daftari, akalisoma, akalifunga.

"Njoo Alhamisi," akasema.

"Leo ni Alhamisi, baba."

"Ndiyo, mama. Njoo Alhamisi."

Akarudi Alhamisi ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Mikate alikuwa anaigawa njiani kwa watu asiowajua. Maswali mawili matatu yakatimiza miezi minane. Pengine walikuwa bado kwenye la kwanza.

Siku moja alitoka dirishani akaenda moja kwa moja mazoezini, sauti ikakataa kutoka. Sudi akawaambia wanamuziki wengine wakanywe chai, akavuta kiti.

"Una nini, shemeji?"

Mwanahamisi akamweleza yote: kikapu, daftari, kalamu mbili, dirisha namba tatu na maneno yake. Hakuwa amemweleza mama yake wala dada yake. Sudi alilia machozi ya kweli, hilo simnyimi. Kisha akajifuta, akachukua gita.

"Hicho ni kiitikio, shemeji," akasema.

Wimbo ulitungwa siku ileile. Mpenzi anamwambia mpenzi wake njoo Alhamisi. Naye anakuja amejipamba, anaambiwa njoo Alhamisi. Bodi iliusikiliza mara tatu. Haukuwa na bei, haukuwa na sukari, wala haukuwa wa kuachwa, maana mtu anayeambiwa aje hajaachwa. Ukagongwa muhuri.

"Ila ya dirishani yabaki kati yetu," Mwanahamisi akamwambia Sudi. "Yakitoka tu, na mimi nitamfuata Makame."

Sudi akajipiga kifua. "Shemeji, hapa ni kaburi."

*

"Njoo Alhamisi" uliishika nchi ile kama upele. Ulipigwa kwenye mabasi, kwa vinyozi, kwenye mapokezi ya wagonjwa. Mpenzi wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mtukufu mwenyewe. Hakuna dhifa iliyofungwa bila yeye kuinuka na kuucheza kwa mtindo wake, akipunga mikono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Mawaziri wakajifunza kufukuza kuku. Majenerali wakajifunza, mabalozi wa nchi za nje wakaandika nyumbani kuomba maelekezo. Picha ya Mtukufu akifukuza kuku ikatundikwa katika kila ofisi ya umma.

Mwanahamisi aliimba miaka kumi. Alhamisi asubuhi, bendi ikiwa mjini, alikuwa dirishani, Jumamosi alikuwa jukwaani. Niliseme hili waziwazi, kwa kuwa watu wengi walidhani ni ufundi tu: hakuwa anaigiza. Alipofika kwenye kiitikio alikuwa anamwimbia mtu mmoja nyuma ya ukuta mmoja, akiamini kwamba redio ya askari iko wazi na Makame anamsikia. Imani hiyo ndiyo iliyomlaza na kumwamsha.

Mwaka wa kumi na moja Sudi aliitwa Ikulu kunywa chai. Aliondoka asubuhi akiwa mpiga gita, akarudi alasiri akiwa Waziri wa Siku, Majira na Burudani. Wizara hiyo haikuwepo alipokuwa anaondoka. Aliporudi ilikuwa na magari matatu na katibu mkuu anayekoroma.

Mwanahamisi alilia kwa furaha. Akampelekea sahani ya sambusa za pongezi, akapita foleni nzima ya waombaji, maana yeye ni wa nyumbani.

"Shemeji, leo umekaa karibu na chungu," akamwambia. "Mtajie Mtukufu jina la Makame. Jina tu, sikwambii umwombee."

"Vumilia, shemeji. Mambo haya yana ngazi. Nitalisema siku yake ikifika." Aliyasema haya huku akitazama saa. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mimi nimevumilia hadi zimeoza, shemeji," Mwanahamisi akasema, na wote wawili wakacheka.

*

Kazi ya kwanza ya Wizara mpya ilikuwa kuhesabu juma. Haikuwahi kuhesabiwa rasmi tangu uhuru. Ikaundwa Tume yenye wasomi saba, kila msomi na siku yake, wakahesabu kwa muda wa miezi mitatu na kupata ripoti ya kurasa mia nne.

Ripoti ilisema hivi. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Hadi hapo taifa lilikuwa salama. Siku inayofuata ilitakiwa kuwa ya sita. Badala yake Tume ilikuta Alhamisi, neno ambalo, kwa maelezo ya mjumbe aliyewahi kusoma chuoni, kwa Kiarabu maana yake ni ya tano. Wakahesabu upya kwa vidole, wakahesabu kwa kokoto, wakahesabu kwa mashine iliyoagizwa nje. Ikapatikana tano, na baada yake tano nyingine. Sita haikuonekana.

Hofu ikatanda. Mababu waliishi na tano mbili bila kupata hata kikohozi, lakini mababu hawakuwa na Wizara. Polisi wakapelekwa mipakani kuitafuta sita. Msemaji wa serikali akasema uchunguzi unaendelea kubaini kama iliibwa au ilitoroka yenyewe. Ndipo Waziri Sudi Magoma alipolituliza taifa redioni.

"Ndugu wananchi," akanguruma, "juma letu halina sita kwa sababu taifa letu halisiti!"

Makofi yalipigwa hata majumbani, na waliochelewa kupiga waliandikwa majina.

Uamuzi ukatoka. Katika tano mbili, moja ni halali na nyingine ni hewa, kama wale watumishi hewa wanaokula mishahara bila kuwapo. Alhamisi ikatangazwa kuwa siku hewa. Kuanzia mwezi unaofuata, Jumatano ingefuatwa na Ijumaa, na anayebisha aende akaonyeshe sita yake.

Wenye majina ya siku hiyo wakaitwa ofisi za kata na picha mbili za pasipoti. Mwanahamisi akapewa kitambulisho kipya kinachosema Mwanatano. Karani alimwambia ashukuru, kwani jirani yake Hamisi bin Hamisi amekuwa Tano bin Tano, na sasa mkewe anamwita Kumi.

Jina halikumuuma sana Mwanahamisi. Kilichomuuma ni dirisha. Kanuni ya gereza ilisema wageni ni Alhamisi, na Alhamisi hakuna. Akaenda Wizarani.

"Shemeji, sasa wageni watakwenda siku gani?"

"Suala hilo liko kwenye mchakato."

"Na huo mchakato una siku gani?"

Sudi akainuka, akafunga mlango, akakaa karibu naye kama zamani. Akamwambia asihangaike na madirisha, kuna jambo kubwa zaidi. Alhamisi itazikwa uwanjani kwa heshima zote za kitaifa, na wimbo utaimbwa na yeye mwenyewe Mwanahamisi, ukiwa umerekebishwa neno moja tu: "Njoo Jumatano".

"Mtukufu akifurahi, shemeji, nitamtajia Makame palepale jukwaani. Mbele ya watu. Hataweza kukataa."

Mwanahamisi alitembea hadi nyumbani kwa miguu, mdomoni akijizoeza kusema Jumatano. Neno lilikuwa zito, halikukaa vizuri kwenye mdundo, lakini kwa Makame angeimba hata orodha ya kata. Alipaka hina. Alilitoa gauni la dhahabu sandukuni, akaligeuza juani, akawaza kwamba Makame hajawahi kuliona.

*

Mazishi yalifana. Jeneza lilijazwa karatasi hamsini na mbili zilizochanwa kwenye kalenda ya serikali. Ilipigwa mizinga mitano, kukatokea ubishi mfupi kama ni mitano ya Kiswahili au ya Kiarabu, ikasamehewa. Mtukufu alikaa chini ya mwavuli. Mwanahamisi alikaa nyuma ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, akisikiliza hotuba ya shemeji yake na kungoja zamu.

"Ndugu wananchi!" Sudi alikuwa anasema. "Msidhani uamuzi huu ni wa hesabu peke yake. Upo wimbo mtamu, ambao Mtukufu, kwa mapenzi yake kwa sanaa, ameucheza miaka kumi. Humo ndimo adui alimojificha! Maneno 'Njoo Alhamisi' hayakusemwa na mpenzi. Yalisemwa na mtumishi wetu mtiifu wa dirisha namba tatu, gerezani, akimwambia mke wa mfungwa! Miaka kumi, Mtukufu amechezeshwa kilio cha mke wa mfungwa!"

Uwanja ukaguna.

"Je, aupige marufuku? Haiwezekani, picha zake akiucheza zimo katika kila ofisi. Basi kwa huruma yake isiyo na kifani, Mtukufu ameuacha wimbo, akaiondoa siku!"

Watu wakapiga makofi, wengine wakisimama juu ya viti. Mwanahamisi hakuyasikia. Alikuwa amesikia dirisha namba tatu. Aliwapitia moyoni watu wote anaowajua, mmoja mmoja, akitamani awe alimwambia mwingine yeyote, hata kwa bahati mbaya, hata ndotoni. Hakuwepo mwingine.

Sudi akateremka ngazi za nyuma, jasho linamtiririka, anatabasamu. Jukwaani bendi ikaanza utangulizi.

"Haya, shemeji, zamu yako."

"Kaburi limefukuliwa na nani?"

Tabasamu likabaki usoni mwa Sudi, likakosa kazi.

"Usilichukulie hivyo. Siku ile ya chai aliniuliza, 'Sudi, huu wimbo hasa una maana gani?' Ungeyaona macho yake, shemeji! Ningedanganya, leo tungekuwa ndani sote. Nikasema kweli, nikakuombea. Nikasema ni mwanamke tu, hajui siasa. Upo huru kwa sababu yangu."

"Na wizara ulipewa kwa sababu ya nani?"

Sudi akatoa leso. Bendi ikamaliza utangulizi, ikaona mwimbaji hayupo, ikauanza tena.

"Sawa," Mwanahamisi akasema. "Hayo tutayasema nyumbani. Nitaimba. Nitaimba Jumatano, nitaimba hata Jumakumi mkitaka. Lakini panda umtaje Makame kwanza, kama ulivyoniahidi. Niangalie, shemeji. Unamtaja, humtaji?"

Sudi hakumwangalia. Aliikunja leso mara mbili, mara nne.

"Shemeji," akasema polepole, "mtu hutajwa kama yupo."

Mwanahamisi aliinuka kwenye kiti. Maneno yalimfikia moja moja, kila moja likingoja lenzake.

"Lini?"

"Barua ililetwa klabuni, kwa anwani ya bendi. Niliifungua mimi. Walisema ni homa. Walikuwa wameshamzika."

"Lini, Sudi?"

"Mwaka wa pili. Tulikuwa tunaanza ziara ya mikoa. Kumbi zimejaa, watu wanakungoja wewe na wimbo wako. Nikasema nitakwambia tukirudi. Tuliporudi nikaona... Anayengoja anaimba, shemeji. Mjane angeimba nini?"

Miaka tisa. Dirisha halikumdanganya, kwa sababu dirisha halikuwa na kazi ya kujua. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waje. Aliyejua alikuwa huyu.

Mwanahamisi akaanza kuhesabu. Mama yake alimfundisha kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume anapokufa, si tangu siku habari inapofika. Miezi minne na siku kumi. Yake ilikwisha miaka tisa iliyopita, bila yeye kujua kwamba ilikuwa imeanza. Hata akitaka kuikaa leo, hakuna ya kukaa. Na katika miezi ile minne na siku zile kumi, ambazo mjane hukaa ndani, hapaki hina, hatii wanja, hajifukizi udi, yeye alikuwa wapi? Alikuwa mikoani. Amevaa gauni hilihili la dhahabu. Sudi alimnunulia asumini za kichwani kila mji waliofika, akisema mashabiki wanazipenda. Sudi alisimama hatua mbili nyuma yake na gita la ridhimu, kila onyesho, na kila walipokaribia kiitikio alimnong'oneza, "Lia zaidi, shemeji. Lia zaidi."

Mshereheshaji akaliita jina lake, lile jipya. Watu wakaanza kupiga makofi ya kumwita. Bendi ikauanza utangulizi mara ya nne.

"Twende," Sudi akasema, akamshika kiwiko. "Nakuomba, shemeji. Ananiangalia."

Mwanahamisi akautoa mkono wake taratibu. Akatia shela lake kichwani juu ya gauni, akalifunga hadi shingoni, akageukia lango la nyuma.

"Mtukufu wako alinichukulia mume, akanichukulia jina, akanichukulia siku," akasema. "Yeye sina la kumuuliza, hakuwahi kula kwangu. Wewe ulikula sahani moja na Makame. Nenda kaimbe mwenyewe, Sudi, maneno unayajua yote. Mimi umekwisha kuniimbisha ndani ya eda yangu."